Kaka Aliyenisemea Hadi kwa Farasi

Mimi nina kigugumizi. Nakitaja mapema ili tusisumbuane. Nikianza neno linakwama mlangoni, na mpaka litoke, mwenzangu keshatazama saa, keshajikuna shingo, keshaanza kuvichunguza viatu vyake kana kwamba amevaa vya mtu mwingine. Kichwani sikwami. Kichwani nasema kama unavyonisikia hapa, mfululizo, na ningepewa nafasi ningechosha watu wengi sana. Tatizo ni kwamba nafasi yangu huwa keshaichukua kaka.

Amenisemea tangu meno ya utoto. Dukani nilikuwa nikisema, "Ny-ny-ny," yeye anadakia, "Anataka nyanya." Mimi nimetumwa nyuzi. Tunarudi nyumbani na nyanya, na ninayegombezwa ni mimi. Mama ndiye aliyempa kazi hiyo, akamwambia, "Mdogo wako usimwache aaibike mbele za watu," na kaka akaishika kama amri ya jeshi. Mama alishafariki, amri ikabaki. Mpaka mchumba wangu wa kwanza alikataliwa kwa mdomo wa kaka, eti mimi sipendi wanaume wafupi. Nani kamwambia?

Basi, sote wawili tunafanya kazi mahali pamoja, kwenye mabanda ya farasi ambako watu huja kujifunza kupanda. Kaka ni mwalimu wa tandiko. Ana buti zinazong'aa na sauti ya kutangazia mpira. Mimi ni mtunzaji: nazoa samadi, nachana singa za shingoni, nasugua ngozi za matandiko kwa mafuta mpaka kucha zinakuwa nyeusi. Mwenye mali ni mama mmoja mtu mzima, sisi tunamwita Mama Mabanda, na ana msimamo wake usioyumba: anayeanza asipewe tandiko. Akae kwenye mgongo mtupu. Huko ndiko atakakojua mizani, na ndiko atakakomsikia farasi anasema nini, kwa kuwa hakuna kitu kati yao cha kuziba maneno. Tandiko atapewa baadaye, akishakuwa na adabu.

Mwalimu wa wanaoanza alihama kumfuata mumewe, na Mama Mabanda akaniambia darasa lile anaweza kunipa mimi, nikimwonyesha kwamba napanda kweli. Nikishindwa, kaka ataliongeza kwenye yake. Nisikufiche, nililitaka darasa lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Si kwa sababu ya kuachana na samadi, samadi tumezoeana. Nililitaka kwa sababu ingekuwa mara ya kwanza maishani watu waniulize kitu mimi na wakae kusubiri jibu langu.

Kaka akasema atanifundisha mwenyewe. Nikamshukuru, mjinga mimi.

Farasi niliyepewa ni jike la rangi ya kahawia, mpana kama kitanda cha wageni, tunamwita Shangazi kwa kuwa hakuna jambo la mtu asiloingiza pua. Ukifungua mfuko wa nguo anataka kujua kuna nini. Watu wakiteta pembeni anasogea. Kila jioni kaka alikuwa anasimama katikati ya uwanja, mimi namzunguka juu ya Shangazi, mgongo mtupu, hatamu nimezishika kwa vidole tu. "Ukitaka ageuke kulia, geuza macho na kiuno. Ukitaka asimame, shusha pumzi, kaa kwa uzito." Nageuza kiuno, Shangazi anageuka. Nashusha pumzi, Shangazi anasimama. Jamani, raha niliyoipata. Nilikuwa nikirudi chumbani nasimama mbele ya kioo, natazama makalio yangu kwa heshima. Niliamini nimepata lugha isiyokwama.

Siku ya kuonyeshwa Mama Mabanda ilifika. Alikaa kwenye kiti nje ya uzio, mwavuli mkononi. Fundi Kwato alikuwepo pia, yule anayewavisha farasi viatu vya chuma, mtu ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau kumpa kifuniko. Kaka kasimama katikati kama kawaida. Nikazunguka. Mwendo wa kawaida, kisha mchakamchaka, nikageuka huku na huku, nikasimama pale pale nilipotaka. Mama Mabanda akawa anaitikia kwa kichwa taratibu, kwa kukubali. Nilimwona.

Mara lori la nyasi likapiga honi getini. Mama Mabanda akamwambia kaka, "Hebu kawafungulie, utarudi." Kaka akaondoka katikati ya uwanja, akatoka kwenye uzio bila kuufunga, akashika njia ya getini.

Na Shangazi akamfuata.

Nageuza kiuno kulia, yeye huyo, anakwenda. Nashusha pumzi, nakaa kwa uzito wote niliojaliwa, yeye anaongeza mwendo asije akapitwa na habari. Tumepita mbele ya kiti cha Mama Mabanda, mimi juu kama gunia la pumba, natabasamu kwa kukosa la kufanya. Kufika karibu na geti kaka akaingiza mkono mfukoni kutafuta funguo. Mkono mfukoni! Shangazi akafunga breki palepale, shingo chini, mdomo mbele kudai karoti yake, na mimi nikateleza kwenye ile shingo taratibu kabisa, kama mtoto kwenye bembea ya kuserereka, nikakaa chini mbele ya dereva wa lori.

Fundi Kwato alicheka mpaka akashika uzio. "Kumbe dereva ni kaka," akasema. "Huyu ni abiria, na nauli hajalipa."

Hapo chini kwenye vumbi ndipo nilipoelewa yote. Mabega yake yalivyokuwa yakiinama kidogo kila nilipotaka kugeuka. Ile sauti ya ulimi niliyodhani ni tabia yake tu. Mkono uliokuwa ukiingia mfukoni kwenye karoti kila niliposhusha pumzi. Farasi hakuwahi kunisikia hata siku moja. Jioni zote zile alikuwa anasikilizana na kaka, na mimi nimekaa juu yao, nashangilia. Hata kwa farasi kanisemea!

Nilimfuata kaka kwenye chumba cha matandiko. Nikafunga mlango, nikausimamia. Nilikuwa na sentensi imekamilika kichwani, nzuri, fupi: usiniongozee farasi tena.

"Us-us-us..."

"Usijali, najua," akasema. "Hukuumia. Uliteleza vizuri."

"Usi-n-n..."

"Usinikasirikie. Sawa, samahani. Nilikuwa nakusaidia tu, mdogo wangu. Ungeaibika mbele ya yule mama."

Eti ningeaibika! Nimekaa chini mbele ya lori zima la vibarua wa nyasi, na mtu ananiambia alikuwa ananiepusha na aibu. Nikajaribu mara ya tatu, taya ikafunga kabisa. Kaka akanishika bega kwa upole, akanisogeza pembeni kama mtu anavyosogeza kiti, akafungua mlango, akaenda zake kufundisha. Upole wake ndio ulioniuma kuliko yote. Mtu mkali unaweza kumchukia ukamaliza, lakini huyu ananinyang'anya mdomo wangu huku ananipapasa mgongo, na watu wote wanasema nina bahati ya kaka.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa Mama Mabanda. Nilimkuta ofisini anakunywa chai, na nikamwambia, kwa muda mrefu sana, chai ikapoa, kwamba naomba kujaribu tena bila kaka uwanjani. Alinitazama usoni muda wote. Nilipomaliza akasema, "Nilichokiona jana ni abiria, Fundi hakukosea. Nataka mwalimu. Utapanda peke yako, halafu utanifundishia mtu mmoja mbele yangu, ambaye hajawahi kukaa mgongo mtupu. Ukimfikisha chini salama na amejifunza kitu, darasa lako."

"M-m-mtu gani?"

"Umtafute wewe."

Nikaanza upya na Shangazi, mchana, wakati kaka yupo kwenye madarasa yake upande wa pili. Na nikwambie ukweli, siku za mwanzo zilinitoa machozi ya hasira. Hakuenda. Alisimama katikati ya uwanja anatafuta kaka yuko wapi, masikio huku na huku. Nikimbana kwa miguu, anapiga hatua za pembeni kama kaa. Nikivuta hatamu, anainua kichwa juu, ananionyesha koo. Nilimtukana kwa ndani, matusi yaliyonyooka, hayakukwama hata moja. Ndipo akasimama kabisa, akakataa.

Nilikaa pale juu bila la kufanya. Nikajichunguza. Taya nimeifunga. Mabega yako masikioni. Mapaja yamembana yule mnyama kama koleo la Fundi Kwato. Na hapo nikaijua hali ile, maana naijua kuliko mtu yeyote: ndivyo mwili wangu unavyofanya neno likikwama. Kumbe kigugumizi changu hakiko mdomoni peke yake. Kimeshuka mpaka magotini, na Shangazi, ambaye hajui nyanya wala nyuzi, alikuwa anakisikia kwenye ngozi yake. Mimi namwambia nenda kwa kisigino, mapaja yanamwambia usithubutu. Angemtii nani?

Nikalegea. Si kwa hiari, nilikuwa nimechoka. Nikaacha miguu ining'inie kama nguo za kuanikwa, nikaacha uzito ushuke mpaka kwenye mifupa ya kukalia, nikasikia mbavu zake zinapanda upande mmoja, zinashuka, zinapanda upande wa pili. Nikatazama kule ninakotaka kwenda. Nikasema, "T-t-t-twende." Akasubiri neno liishe, sikio moja limegeuka nyuma kwangu. Kisha akaenda.

Sitaki kumsifia bure. Alisubiri kwa kuwa hana haraka, na alikuwa na nyasi mdomoni. Lakini hakutazama viatu vyake, na hakunimalizia. Nilizunguka uwanja ule nikilia kama chizi, na nikimwona mtu anapita nilikuwa nasingizia vumbi.

Mizani si kukaa wima ukakakamaa, kama kaka anavyofundisha. Ukikakamaa unaanguka kama nguzo. Mizani ni kupotea kidogo na kurudi, kila hatua, na kumwacha farasi akurudishe. Nilianguka, nikapanda, nikaanguka. Hasira zangu nilijifunza kuziacha kwenye ndoo mlangoni, maana nikiingia nazo Shangazi anazinusa na siku imeharibika. Nikitoka nazichukua tena. Ziko salama, sijazipoteza.

Siku ya pili ya majaribio Mama Mabanda alikaa kwenye kiti chake kilekile. Kaka aliambiwa akae nje ya uzio, mikono aifunge kifuani, asiguse mfuko. Aliona ni utani, lakini akaifunga. Nikapanda. Shangazi alimtazama kaka mara moja, nikashusha pumzi, nikamwita kwa kiuno, akarudisha sikio kwangu. Tukaenda. Sikupanda kwa urembo kama ile mara ya kwanza, tulipinda kona moja vibaya na mchakamchaka ulinirusha kidogo. Ila niliposimama, tulisimama kwa sababu niliomba mimi.

"Sawa," Mama Mabanda akasema. "Mwanafunzi yuko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwa kaka.

Fundi Kwato akapiga kofi. Kaka akacheka, halafu akaona sicheki. "Mimi ni mwalimu," akasema. "Nimekuwa juu ya farasi maisha yangu yote."

"Juu ya tandiko," Mama Mabanda akamjibu. "Umewahi kukaa mgongo mtupu?"

Kaka akatazama buti zake. Hakuwahi, alikuja hapa akiwa tayari mwalimu wa tandiko. Alinifundisha kwa mdomo kitu ambacho makalio yake hayajawahi kukijua, na mimi nikamshukuru! Nilitamani kumuuliza hapohapo anajisikiaje, lakini nilikuwa kazini.

"Haya, panda," Mama Mabanda akasema.

Nikashuka, yeye akapanda kwenye kijukwaa cha kupandia, akajitupa juu, akateleza upande wa pili, akajivuta kwa singa. Buti zile zinazong'aa hazikuwa na mahali pa kutia vidole. Nikamwona usoni, na nikajua ameogopa, maana mgongo wa Shangazi kwa aliyezoea tandiko ni kama kukaa juu ya samaki hai. Alifanya anachojua: akakaa wima, akakakamaa, akabana kwa miguu. Shangazi akasikia "nenda". Akaenda. Kaka akavuta hatamu. Shangazi akasikia "simama" mdomoni na "nenda" mbavuni, akarusha kichwa, akaingia mchakamchaka wa wasiwasi, na kaka akaanza kurushwa juu kama mahindi kwenye ungo. Kila akirushwa anabana zaidi, na kila akibana, mwendo unazidi.

"Aliye juu mngoje chini," Fundi Kwato akasema, na mara hii hakucheka sana.

Nilijua afanye nini. Neno lilikuwepo, zima, limesimama nyuma ya meno yangu. Nikasogea katikati ya uwanja, mikono wazi ili Shangazi aione na atulie.

"L-l-l..."

Kaka akageuza uso. Nikamwona akifungua mdomo, kama alivyofungua maisha yetu yote, aweke neno lake pale langu lilipokwama. Mdomo ukabaki wazi. Hakuwa nalo. Hakujua ninataka kusema nini, na kwa mara ya kwanza alikuwa anahitaji kujua.

"L-l-l..."

"Vuta kushoto!" Fundi Kwato akapiga kelele kutoka kwenye uzio. "Mwambie avute kushoto, mama, huyu bubu atamuua mtu!"

"Nyamaza wewe," kaka akasema. Alikuwa amelalia shingo, kofia imeshamtoka, sauti yote ya mpira imekwisha. "Mwache. Hajamaliza."

Sikuharakisha. Wangapi wasingeharakisha? Kaka yangu anarushwa, tajiri ananitazama, darasa langu liko juu ya mgongo ule pamoja naye. Lakini nikilazimisha neno, taya inafunga, mabega yanapanda, na Shangazi alikuwa ananitazama mimi sasa, angeyasoma yote. Nikashusha pumzi. Nikaacha magoti yalegee pale pale niliposimama. Kaka akazunguka nusu uwanja akisubiri.

"L-l-legeza miguu, kaka."

Akalegeza. Haikuwa rahisi, niliona paja linavyobishana. Miguu ikaning'inia, akakaa chini kwenye mifupa yake, kwa lazima, na mbavu za Shangazi zikamchukua, huku, na huku. Mchakamchaka ukaisha. Mwendo ukarudi wa kawaida. Shangazi akapuliza pua, akamleta kaka mpaka mbele yangu, akasimama.

Kaka alikuwa amelowa jasho. Hatamu zilikuwa zimemlegea mikononi na alinitazama bila kusema kitu, jambo ambalo sikumbuki kuliona tangu nimjue. Nyuma yangu nikasikia Mama Mabanda akikunja mwavuli wake na kumwambia Fundi Kwato aende akalitoe jina la mwalimu aliyehama kwenye mlango wa banda la wanaoanza.

Kaka akaegemea mbele, akaanza kuuzungusha mguu ashuke. Nikainua mkono. Nilikuwa na neno lingine, na baada ya hilo nilikuwa na mengine mengi, ya miaka yote.

"B-b-b..."

Akaurudisha mguu mahali pake, akaweka mikono mapajani, akakaa kule juu akisubiri.